Wachezaji Saba na Msafara wa Hamsini

Mimi si mtu wa lawama, mimi ni karani. Naitwa Sefu Ndimbo, na kwa miaka kumi na sita nimechapa karatasi za Shirikisho la Mpira la nchi yetu: barua za pongezi, barua za rambirambi, na zaidi ya yote orodha za misafara. Nchi yetu ni ndogo. Kwenye ramani jina lake limeandikwa baharini kwa sababu halikuenea nchi kavu. Lakini misafara yake ni mirefu na inaheshimika kila inakopita.

Mwaka huo wasichana wetu wa chini ya miaka kumi na saba waliingia kwenye mechi za kufuzu kombe la kimataifa la vijana. Waliingia kwa bahati mbaya. Mtu mmoja ofisini alijaza fomu akidhani ni ya kuomba viti vya plastiki, na majibu yaliporudi tukaambiwa tutacheza na jirani zetu wa kaskazini, kwanza kwetu, kisha kwao.

Timu ya wasichana hatukuwa nayo. Basi akatafutwa Mwalimu Sikudhani Mlekwa, mwalimu wa hesabu wa sekondari, ambaye kila jioni baada ya vipindi aliwafundisha mpira wasichana ishirini kwenye kiwanja kilicho nyuma ya ghala la mahindi. Bwana Kiluwa, Katibu wa Shirikisho letu, aliwaendea huko akiwa na suti.

"Kuanzia leo nyinyi ni taifa," aliwaambia, akaondoka upesi kwa sababu palikuwa na vumbi.

Taifa likaendelea na mazoezi. Siku ya mechi ya kwanza uwanjani walikuwepo watu kama mia mbili, wengi wao wakijikinga na mvua. Wasichana wakashinda mabao manne kwa bila.

Nadhani matatizo yalianzia hapo.

*

Kesho yake Waziri wa Michezo, Mheshimiwa Daktari Machumu Lugendo, alilihutubia taifa redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "mpira ni duara, na duara halina mwanzo wala mwisho, kama ulivyo utumishi wangu kwenu. Mabao haya manne yamefungwa na Serikali. La kwanza limefungwa na sera, la pili limefungwa na mipango, la tatu limefungwa na usimamizi. La nne bado tunalichunguza."

Akamalizia kwa kutangaza kwamba mechi ya marudiano ataihudhuria mwenyewe, na kwamba ndege ya Serikali itawabeba mashujaa wetu. Ndege ya Serikali ina viti hamsini.

Nikaanza kuchapa orodha. Siku ya kwanza ilikuwa na wasichana ishirini, Mwalimu Sikudhani, Waziri na msaidizi wake. Nilimaliza mapema, nikanywa chai. Siku ya pili wakaongezeka msaidizi wa msaidizi, bendi ya tarumbeta ya watu tisa na Kamati ya Hamasa ya watu kumi na wawili. Siku ya tatu ikaundwa Kamati Ndogo ya Kusimamia Kamati ya Hamasa, kwa kuwa hamasa isiposimamiwa inaweza kuwaingia watu wasiohusika. Akaja mtaalamu wa nyasi. Akaja mama mkwe wa Waziri, kwa cheo cha Mlezi wa Mabinti wa Taifa. Mimi pia niliingizwa, kama Mwandishi wa Kumbukumbu za Msafara, na sifichi kwamba nilifurahi. Sikuwahi kupanda ndege.

Kila jina lilipoingia juu, jingine lilidondoka chini. Chini walikuwepo wasichana.

Siku ya nne mwanasheria wa Shirikisho aliingia ofisini akiwa na kitabu cha kanuni, kidole kikiwa katikati ya kurasa. "Imeandikwa hapa," alisema, "timu ikiwa na wachezaji saba uwanjani, mechi inaanza. Kumi na moja ni desturi tu, siyo sharti."

Bwana Kiluwa alimshika mkono kwa muda mrefu.

Orodha ya mwisho ikawa hivi: wachezaji saba, kocha mmoja, watu arobaini na mmoja wa msafara, na kiti kimoja cha koti la Waziri, kwa sababu lilikuwa limeshapigwa pasi. Kwenye orodha niliandika "Vazi Rasmi", nikalipa namba ya kiti kama wengine.

*

Mwalimu Sikudhani alikuja ofisini akaisoma orodha akiwa amesimama. Ni mwanamke mfupi, anayezungumza polepole kama anayesubiri darasa linyamaze.

"Bwana Katibu," alisema, "hawa kumi na watatu waliobaki, si wangepanda basi? Wakiondoka leo watawahi."

"Mpaka umefungwa, Mwalimu."

"Umefungwa kwa nini?"

"Kwa maandalizi ya sherehe za kuufungua."

Mwalimu akanigeukia mimi. "Na wewe, kaka Ndimbo, unakwenda kufanya nini?"

"Kuandika kumbukumbu."

"Za nini?"

Nilimwambia ni za msafara.  Alinitazama kidogo tu, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyekosea hesabu rahisi, kisha akaniomba nimsindikize kiwanjani, kwa sababu majina yalipaswa kusomwa na mtu wa Shirikisho.

Nikayasoma. Nahodha Nyamizi, kipa Tausi, na wengine watano. Nilipofika la saba nikakunja karatasi. Wasichana waliendelea kunitazama, wakidhani nimetua kuvuta pumzi.

Mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa Kabula, beki wa kushoto, msichana mrefu mwenye kovu gotini. "Shikamoo, mjomba. Ukurasa wa pili uko wapi?"

"Marahaba. Ukurasa wa pili ni wa msafara."

"Sisi siyo msafara?"

Mwalimu alimwambia akae. Kabula hakukaa. Alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba Ijumaa mkuu wa shule alimsimamisha mbele ya shule nzima wakampigia makofi, na mama yake amekwisha kuwaaga majirani kwa niaba yake. Alitaka kujua Jumatatu akirudi darasani aseme nini.

 Nilimwambia asome kwa bidii.

*

Safari ilikuwa nzuri. Nilikaa karibu na koti. Ndege ilipopita kwenye mawingu likateleza, nami nikalishika lisianguke, na mkono wangu ulipokuwa juu ya kile kiti nikaona kwamba beki mrefu angetosha pale.  Ndege ilipotulia nikalifunga mkanda.

Uwanja wa jirani zetu ulikuwa umejaa pomoni. Timu zilipotoka, kumi na moja upande ule na saba upande wetu, watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walidhani wengine wanakuja.

Msafara wetu ulikaa jukwaa kuu, watu arobaini na mmoja katika majaketi ya buluu yaliyoandikwa mgongoni TIMU YA TAIFA. Majaketi yalikwisha kabla ya kuwafikia wachezaji. Bendi ikapiga wimbo wa taifa, kisha ikaupiga tena Waziri alipokaa vizuri.

Mwalimu aliwapanga wote saba mbele ya goli letu, akawaambia jambo moja, ambalo Nyamizi alinisimulia baadaye: "Tuna mabao manne mkononi. Leo hatufungi. Leo tunahesabu."

Jirani zetu walifunga dakika ya kumi na mbili. Wakafunga tena kabla ya mapumziko. Wasichana wetu walikimbia kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka kulia kwenda kushoto, kama watu wanaozima moto kwa vikombe, na kila mpira uliopita ulipita mahali ambapo angekuwepo mtu. Mingi ilipita kushoto. Niliona hivyo mimi ambaye mpira naujua kwa karatasi tu. Nilikuwa na daftari la kumbukumbu mapajani, na nilichoandika ni tarehe.

La tatu likaingia dakika ya sabini. Bao moja zaidi tungekwenda kwenye penalti, na hawa saba walikuwa hawana miguu ya penalti.

Dakika ya themanini na nne Nyamizi aliruka kuokoa mpira, akatua vibaya. Kifundo cha mguu kikapinda. Uwanja mzima ukanyamaza, isipokuwa bendi, ambayo ilikuwa imeagizwa ipige kila mchezaji wetu anapoanguka ili kumtia moyo.

Refa alimwita Mwalimu kwenye mstari. Ilikuwa karibu nasi, tukasikia.

"Huyu hawezi kuendelea," alisema refa. "Wakibaki sita, navunja mechi na mmeshindwa. Una mchezaji wa akiba?"

"Sina."

Refa akatazama jukwaa letu. Akasoma migongo ya wale wa safu ya mbele, waliokuwa wamegeuka kuagiza soda. "Na hawa?"

"Hao ni msafara," alisema Mwalimu.

Refa akajikuna kichwa. Ndipo Nyamizi, aliyekuwa chini, akajivuta hadi kwenye mwamba wa pembeni wa goli, akaushika kwa mikono miwili, akasimama kwa mguu mmoja.

"Refa, mimi sijatoka," alisema. "Nimesimama tu hapa."

Kanuni inasema wachezaji saba. Haisemi miguu mingapi. Refa akafikiri, akapuliza.

Zile dakika sita na za nyongeza ndizo ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa kwenye kiti. Sikuweza kukaa. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Mara mbili mpira uligonga mwamba ule ule alioushikilia, ukamtetemesha mzima. Mwishoni kabisa mshambuliaji wao akapiga shuti la chini, Tausi akalala upande mwingine, na mpira ukamgonga Nyamizi tumboni. Akaanguka juu yake, akaukumbatia kwa kiwiliwili bila kuugusa kwa mikono, na filimbi ikalia akiwa bado hapo.

Watu wa nchi ile wakasimama wakapiga makofi. Nilitaka kushuka kumsaidia, lakini njia ilikuwa imezibwa. Msafara ulikuwa unapiga picha.

*

Tulifuzu kwenda raundi ya mwisho ya mchujo. Waziri alihutubia akiwa ndani ya lile koti.

"Tumethibitisha kitaalamu," alisema, "kwamba timu ni watu saba. Wale wanne wa ziada walikuwa wanakula ugali wa taifa bure tangu uhuru. Kuanzia leo tunatangaza Sera ya Saba, na mataifa makubwa yatakuja kujifunza."

Nyamizi alifungwa plasta hadi gotini. Alipelekwa nyumbani na gari la ghala la mahindi.

Raundi ya mwisho tulipangwa na nchi moja ya mbali ya magharibi. Nyumbani, ambako ndege haihitajiki, wasichana kumi na mmoja waliruhusiwa kucheza, wakatoka sare ya bao moja kwa moja. Kule ugenini ilibidi washinde.

Orodha ikafunguliwa tena. Safari hii nchi ilikuwa ya mbali na yenye maduka, na maombi yalijaa ndoo. Bwana Kiluwa aliniletea mwongozo kwa mkono wake mwenyewe: msafara arobaini na wawili, koti, kocha mmoja, wachezaji sita.

"Sita, Bwana Katibu?"

"Nyamizi si mgonjwa? Saba kutoa mmoja ni sita. Wa saba atapatikana huko huko."

Alasiri hiyo Mwalimu Sikudhani alikuja, akakaa kwenye benchi la wageni lililo mbele ya meza yangu. Gauni lake lilikuwa na chaki kwenye mikono. Alisubiri mpaka nikaacha kuchapa.

"Sita haianzi mechi, kaka Ndimbo," alisema. "Tutafika, tutapanga mstari, refa atahesabu, tutarudi. Nimewaambia watoto. Wanaendelea na mazoezi tu. Hata Kabula anakuja kila siku. Nimemwambia hayumo, anasema anajua."

"Mwalimu, mimi siamui. Mimi nachapa."

"Najua," alisema akiinuka. "Basi chapa."

Akaondoka. Nilikaa nikiitazama ile mashine. Niliogopa, nisidanganye. Nina mke, nina watoto wanne, na miaka kumi na sita sijawahi kukosea hata nukta. Lakini katika miaka hiyo nilikuwa nimejifunza kitu kimoja kuhusu orodha zetu: mtu hukatwa, cheo hakikatwi. Koti lilipata kiti kwa sababu lilikuwa na cheo.

Nikaweka karatasi mpya. Namba moja, Waziri. Namba mbili, Vazi Rasmi. Namba tatu, Mlezi wa Mabinti, maana Waziri angemtafuta. Namba nne, Katibu. Kisha nikaandika Mkurugenzi wa Usalama wa Lango, nikaweka jina la Tausi. Nikaandika Kamishna wa Mipira ya Kona. Nikaandika Mshauri Mwandamizi wa Ukabaji, na Naibu wake, na Msimamizi wa Mashambulizi ya Nje ya Nchi. Nikaandika Mratibu Mkuu, Kanda ya Kushoto, na jina la Kabula. Wote kumi na tisa waliokuwa wazima niliwapa vyeo. Nyamizi nikamfanya Balozi, kwa kuwa balozi hahitaji kukimbia. Mwalimu nikamfanya Mwenyekiti wa Tume ya Benchi. Viti vilivyobaki nikawagawia wengine kwa kufuata ukubwa wa vyeo, hadi vikaisha katikati ya Kamati ya Hamasa. Jina langu sikuliandika.

*

Bwana Kiluwa aliisoma orodha polepole. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Alipofika katikati alinyanyua macho.

"Huyu Mratibu Mkuu wa Kanda ya Kushoto," aliniuliza kwa sauti ya chini, "ni yule?"

"Ndiye, Bwana Katibu."

"Nilidhani hivyo." Akajikohoza. "Ametokea Ikulu moja kwa moja, au kapitia Wizarani?"

"Mimi nimechapa tu, Bwana Katibu."

"Sawa, sawa. Msalimie ukimwona." Akatia sahihi haraka, kama mtu asiyetaka kuonekana kwamba alikuwa anauliza.

Waziri hakuuliza lolote. Alitafuta jina lake, akalikuta, akatafuta la koti, akalikuta, akasaini.

Uwanja wa ndege msafara ulifika asubuhi na mabegi matupu ya kubebea vitu. Afisa Itifaki alisimama chini ya ngazi na orodha yenye sahihi mbili, akaanza kuita vyeo. Waziri, koti, mama mkwe na Katibu wakapanda. Kisha akaita, "Mheshimiwa Mkurugenzi wa Usalama wa Lango." Tausi akatoka nyuma ya umati na begi la shule mgongoni. Afisa Itifaki alimtazama, akaitazama orodha, akaitazama tena ile sahihi, akapiga saluti.

Wakapanda mmoja mmoja. Nyamizi alibebwa na maafisa wawili, kwani ni balozi. Alipoitwa Mratibu Mkuu wa Kanda ya Kushoto, Kabula alisogea, akamwamkia Afisa Itifaki, "Shikamoo."

"Marahaba," alijibu Afisa kwa mazoea, kisha akashtuka akasema, "samahani, Mheshimiwa."

Mwalimu alikuwa wa mwisho kati yao. Alinipita nikiwa nimesimama kwenye kamba pamoja na waliobaki. Hakunishukuru. Alisema tu, "Hesabu imekubali."

Ndege ikaondoka. Kwenye lami tulibaki mimi, bendi yote, Kamati Ndogo, nusu ya Kamati ya Hamasa na mtaalamu wa nyasi. Walinuna siku nzima. Lakini siku ya mechi tulijikuta tena pamoja, ofisini kwangu, tumeizunguka redio, na mpiga tarumbeta mkubwa kuliko wote alikuwa anatafuna kitambaa chake. Walitufunga kwanza. Mtangazaji alisema winga wao amempita beki wa kushoto kama mlango ulioachwa wazi, na mimi nikafunika uso. Hakumpita tena. Tulisawazisha kipindi cha pili, na dakika ya themanini na moja, kutoka kwenye kona ya yule Kamishna, tukapata la pili. Kipenga kilipolia, mtaalamu wa nyasi alinikumbatia akalia begani mwangu. Sijui kwa nini. Hakuwa amewahi kuwaona hao watoto.

*

Baadaye iliundwa Tume ya Kuchunguza Ongezeko la Wachezaji Katika Timu. Ilikaa wiki tatu. Ilibaini kwamba viongozi ishirini na mmoja walikuwa wameteuliwa bila mtu kujua, lakini kila karatasi ilikuwa na sahihi ya Waziri, na kusema uteuzi si halali kungekuwa kusema Waziri anasaini asichokisoma. Tume ikapendekeza vyeo vibaki, na karani aondolewe kwenye orodha ahamishiwe kwenye kumbukumbu za vikao. Nikahamishwa. Mke wangu alisema nimeponea chupuchupu, na ni kweli. 

Na kwa kuwa vyeo vilibaki, sheria ikataka wenye vyeo waalikwe vikaoni. Kikao cha kwanza cha maandalizi ya fainali za kombe kilifanyika Jumanne, saa kumi, baada ya vipindi vya shule. Mezani palikuwa na Waziri, Bwana Kiluwa, Kamati ya Hamasa, na upande wa pili wasichana wakiwa na sare za shule. Mwalimu Sikudhani alikuwa pembeni akisahihisha madaftari.

Waziri alifungua kwa hotuba ya dakika arobaini. Alisema fainali zitafanyika mbali sana, kwamba nchi itahitaji kuwakilishwa kwa uzito unaostahili, na kwamba msafara wa watu mia mbili na kumi umekwisha kupangwa kwa uangalifu. Watu wa Hamasa wakapiga meza.

Kabula akanyoosha mkono. Bwana Kiluwa alitaka kumpita, lakini kwa ngazi za vyeo Mratibu Mkuu yuko juu ya Katibu, na alilijua hilo.

"Mheshimiwa Waziri," alisema Kabula, "naomba hao mia mbili na kumi wasomwe hapa, mmoja mmoja. Na kila mmoja atuambie atacheza namba ngapi."

Nilishika kalamu nikasubiri. Waziri aliwatazama Hamasa. Hamasa wakamtazama Bwana Kiluwa, naye akawa anatafuta kitu chini ya meza. Mwalimu aliendelea kusahihisha, nikasikia kalamu yake ikiweka vema, vema, kosa. Kwenye kumbukumbu niliacha mistari minne mitupu kwa ajili ya jibu, kisha nikaongeza mingine minne.